Mota Inachemka, Gari Linazima: Kutafuta Kosa Kati ya KV, Volti na Gia

Gari la rimoti la mashindano likianza kusumbua, lawama ya kwanza huiangukia mota. Inang'olewa, inaagizwa nyingine yenye KV (spidi ya mota kwa kila volti) kubwa zaidi, inafungwa, na baada ya mizunguko michache ugonjwa uko palepale, safari hii na harufu ya kuungua. Ilhali mota isiyo na brashi ni kifaa kigumu kufa. Ndani yake mna waya za shaba zilizotulia, sumaku inayozunguka katikati, na beringi mbili. Hakuna brashi ya kulika, wala kinachosuguana isipokuwa hizo beringi. Ikifa mapema, karibu kila mara imeuawa na mambo yaliyo nje yake: volti iliyopewa na gia iliyofungiwa.

Kwa hiyo nasisitiza jambo moja kabla hujatoa hela mfukoni. KV, volti na gia huchaguliwa kwa pamoja, na kosa likitokea hutafutwa kwenye zote tatu kwa pamoja. Utahitaji mita ya kawaida ya kupimia volti, kipimajoto cha infraredi kile cha kuelekeza, na chaja inayoonyesha imerudisha mAh ngapi (kiasi cha umeme) kwenye betri. Ikiwa chaja yako inaonyesha na ukinzani wa kila seli kwa miliomu, umekamilika.

Hesabu ya kufanya kwanza

KV ni idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo mota hutoa kwa kila volti moja, ikizunguka bila mzigo. Seli moja ya lipo (betri ya lithiamu-polima) huandikwa volti 3.7, lakini ikijaa ina 4.2. Betri ya 2S, yaani ya seli mbili zilizofuatana, huandikwa 7.4 na ikijaa hufika 8.4. Ya 3S ni 11.1 na 12.6, ya 4S ni 14.8 na 16.8. Piga hesabu zako kwa namba ya betri iliyojaa, maana hiyo ndiyo mota inayokutana nayo unapovuta triga mara ya kwanza.

Chukua Tamiya TT-02, chasisi ambayo wengi huanzia. Jinsi inavyotoka kwenye boksi ina gia kubwa ya meno 70 na pinioni (gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota) ya meno 22, na ndani ya chasisi kuna uwiano mwingine wa 2.6. Gawanya 70 kwa 22, zidisha kwa 2.6, unapata 8.27. Maana yake mota huzunguka mara 8.27 ili tairi izunguke mara moja. Funga mota ya 3,300 KV na betri ya 2S: 3,300 mara 8.4 ni mizunguko 27,720 kwa dakika. Gawanya kwa 8.27, zidisha kwa mzingo wa tairi (tairi ya milimita 63 ina mzingo wa sentimita 19.8 hivi), unapata karibu kilomita 40 kwa saa. Barabarani itapungua kwa sababu ya upepo na mzigo, lakini umeshajua uko wapi.

Sasa badilisha betri tu, weka 3S. Mota inapanda hadi mizunguko 41,580 na gari linaelekea kilomita 60 kwa saa kwa gia ileile. Hapa ndipo watu hufurahi dakika tatu. Kusukuma hewa kwa spidi mara moja na nusu kunahitaji nguvu zaidi ya mara tatu, na nguvu hiyo yote inapita kwenye mota ileile, waya zilezile, na difu ya plastiki ileile.

Jambo ambalo halionekani haraka ni kwamba volti kubwa yenyewe si adui. Adui ni volti kubwa ukiacha KV ileile. Mota ya 2,200 KV kwenye 3S inafika mizunguko 27,720, sawasawa na ile ya 3,300 kwenye 2S. Gari lina spidi ileile, lakini angalia umeme: ili kutoa wati 300, betri ya 2S inabidi itoe ampea 40 hivi, ya 3S ampea 27, ya 4S ampea 20. Joto linalopotea kwenye waya, plagi na kidhibiti cha mota (kifaa kinachogawa umeme wa betri kwa mota) huongezeka kwa mraba wa ampea. Njia yenye ukinzani wa miliomu 10 hupoteza wati 16 kwa ampea 40, lakini wati 4 tu kwa ampea 20. Kwa sababu hiyo magari mazito ya 1/8 (moja ya nane ya ukubwa wa gari halisi) hukimbizwa kwa 4S na mota za karibu 1,900 hadi 2,200 KV, huku yale mepesi ya 1/10 yakibaki kwenye 2S. Volti ikipanda, KV ishuke.

Mota inachemka

Usitumie kidole. Ngozi haivumilii zaidi ya nyuzi 55 au 60 kwa sekunde nyingi, kwa hiyo kidole kitakwambia mota inaungua hata ikiwa salama kabisa. Elekeza kipimajoto kwenye kasha la mota mara tu gari linaposimama, kabla hujafanya lolote lingine. Ukingoja dakika mbili utapata namba tofauti, maana joto la ndani huendelea kusafiri kuja nje hali upepo umeshakoma.

Chini ya nyuzi 70 za Selsiasi, endelea na mbio. Kati ya 70 na 80 uko mpakani. Ikipita 80, usirudi uwanjani kabla hujabadilisha kitu. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu karibu na nyuzi 80. Za daraja la juu huvumilia hadi 150, na boksi la mota nyingi halikwambii umepata zipi. Shaba nayo, ikitoka nyuzi 25 kwenda 100, ukinzani wake hupanda karibu asilimia 29, na ukinzani huo unazaa joto jingine. Sumaku ikidhoofika, KV ya mota hupanda. Inazunguka haraka zaidi bila mzigo, mwenyewe unadhani imechangamka, kumbe sasa inakunywa ampea nyingi na kutoa nguvu kidogo. Mota ya namna hiyo hairudi kuwa ilivyokuwa hata ukiipoza.

Chanzo cha kwanza, na ndicho cha kawaida kuliko vyote, ni pinioni kubwa mno. Punguza meno mawili, kimbiza dakika tatu, pima tena. Usipunguze mengi kwa mkupuo, maana hutajua ni lipi lililotibu. Watu wengi hushangaa wakipunguza pinioni na gari likawa na muda mzuri zaidi kwa mzunguko, kwa sababu linaondoka kwenye kona haraka na mota haisinzii tena kufikia mwisho wa mbio.

Chaja inaweza kukuthibitishia. Kimbiza gari kwa muda unaoujua, kisha chaji na usome mAh zilizorudi. Umekimbia dakika 8 na chaja imerudisha 3,200 mAh: hizo ni ampea-saa 3.2, zidisha kwa 60, gawanya kwa 8, wastani ni ampea 24. Kwa gari la 1/10 la 2S hiyo ni karibu wati 178 mfululizo. Ukipunguza pinioni na wastani ukashuka hadi ampea 18 huku muda wa mzunguko haujabadilika, zile ampea 6 zilikuwa zinapasha joto tu. Hakuna kipimo kingine cha bei rahisi kinachosema ukweli kama hiki.

Ikiwa gia iko sawa na bado inachemka, angalia taimingi, yaani jinsi umeme unavyowahishwa kwenye waya za mota. Mota nyingi zenye sensa (kinachokiambia kidhibiti sumaku imeelekea wapi) zina kifuniko cha nyuma kinachozungushwa, na alama za digrii pembeni. Kuongeza taimingi kunaongeza mizunguko na joto, na kunapunguza nguvu ya kuondokea. Vidhibiti vingine huongeza taimingi ya programu juu ya hiyo, na mwenye gari hajui kwamba ameongeza mara mbili. Rudisha zote chini, kisha panda taratibu.

Kisha legeza mota isigusane na gia, sukuma gari kwa mkono kwenye sakafu. Liserereke lenyewe. Likisimama mara moja, kuna beringi iliyojaa vumbi au shafti iliyopinda. Meno yaliyobanana ni kosa jingine la kawaida kwenye chasisi ambazo mota husogezwa kwenye mpenyo (TT-02 ina matundu maalumu, huko hili halikuhusu sana). Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya daftari, upitishe kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota hadi ibane, kaza skrubu, kisha zungusha gia uitoe karatasi. Itoke na alama za mikunjo kama sketi ya marinda, haijatoboka. Ikitoboka, meno yamebanana. Ikitoka laini bila alama, yako mbali, na yatakatika siku utakayofunga breki ghafla.

Na hali ya hewa. Jedwali la gia ulilolipata mtandaoni pengine lilipimwa Uingereza siku ya nyuzi 18. Mota iliyofika nyuzi 68 kule ilipanda nyuzi 50 juu ya hewa iliyoizunguka. Dar es Salaam au Mombasa mchana wa nyuzi 33, gari lilelile kwa gia ileile litafika 83. Anza na meno mawili au matatu pungufu ya jedwali, na ufunge feni. Nairobi kuna ubaridi, lakini hewa ya huko juu ni nyepesi na inabeba joto kidogo kuliko ya pwani, kwa hiyo feni bado ni ya lazima. Majani marefu usiyaingilie kabisa. Dakika mbili za kukimbiza gari kwenye nyasi zisizokatwa zinaipa mota mzigo kuliko mbio nzima kwenye lami.

Gari linazima katikati ya mbio

Likizima, usilikimbilie kwanza. Simama pale ulipo uzungushe usukani wa rimoti. Jibu la magurudumu ya mbele linakuokolea nusu ya kazi.

Usukani ukifanya kazi lakini mota haivuti, kidhibiti kimekata umeme kwa makusudi ili kujilinda. Ama betri imeshuka chini ya kikomo, ama kidhibiti kimepata joto. Taa zake hutofautisha haya mawili kwa idadi ya kuwaka, na maelezo yamo kwenye karatasi iliyokuja nacho. Likiwa ni joto, rudi kwenye sehemu ya gia hapo juu. Likiwa ni betri hali umeichaji muda si mrefu, hapo ndipo watu hupotea njia.

Betri iliyojaa inaweza kugonga kikomo kwa nusu sekunde na kurudi. Tuseme kikomo ni volti 3.2 kwa seli, yaani 6.4 kwa 2S. Gari likiondoka kwenye kona linavuta ampea 80 kwa kitambo kidogo. Betri nzuri pamoja na waya na plagi zake ikiwa na ukinzani wa jumla wa miliomu 10, inashuka kwa volti 0.8 tu, kutoka 8.0 hadi 7.2, na safari inaendelea. Betri iliyochoka au plagi iliyoungua ikifikisha jumla hiyo miliomu 40, inashuka kwa volti 3.2. Kutoka 8.0 unatua 4.8, na kidhibiti kinakata. Ukiachia triga, volti inapanda, ukiweka mita unasoma 7.9, unaapa kwamba betri ni nzima. Pima miliomu. Seli moja ikiwa na namba iliyo mbali na mwenzake, mfano 4 kwa 15, hiyo ndiyo inayokuangusha.

Namba ya C iliyoandikwa kwenye betri, yaani mara ngapi ya ujazo wake inaahidi kutoa kwa ampea, usiitegemee sana. Betri ya 5,000 mAh yenye 50C inaahidi ampea 250, na 100C inaahidi 500, ila herufi hizo huchapishwa na muuzaji na hakuna anayemkagua. Miliomu haziongopi.

Kabla hujaitupa betri, angalia plagi. Ile plagi nyeupe ya plastiki ya magari ya zamani, iliyotengenezwa enzi za betri za NiMH (za nikeli) na mota za brashi, haifai kabisa kwa mota isiyo na brashi yenye nguvu. Inapata moto, plastiki inalainika, chuma kinarudi nyuma. Badilisha uweke XT60, ambayo imetengenezwa kwa ampea 60, au XT90 kwa gari la 1/8. Kisha tazama lehemu zenyewe kwenye mwanga mzuri. Lehemu iliyoshika inang'aa na imetambaa juu ya waya hadi ukingoni. Iliyokufa ina rangi ya kijivu, punje punje, imekaa kama tone juu ya kikombe cha plagi bila kuingia, na ukivuta waya kidogo unaona ufa mwembamba kuuzunguka. Hapo ndipo volti zako zinapotelea. Waya mnene unanyonya joto, kwa hiyo chuma kidogo cha kulehemu redio hakitoshi. Tafuta cha wati 60 au zaidi, pasha waya na kikombe kwanza, lehemu ifuate.

Usukani nao ukifa pamoja na mota, kisha kidhibiti kikalia mlio wake wa kuwaka upya, hilo ni jambo jingine. Umeme wa risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) ulikatika. Kidhibiti hutoa volti 6 hivi kwa risiva na sevo (mota ndogo ya kugeuza usukani), na sevo kali ya chuma ikikwama kwenye kona inaweza kuvuta kuliko uwezo huo. Ng'oa sevo, kimbiza magurudumu hewani uone kama bado linazima. Likiacha, punguza mwisho wa usukani kwenye rimoti ili sevo isisukume baada ya kufika kikomo, na chomeka kapasita ndogo kwenye nafasi tupu ya risiva. Likiendelea kuzima, tikisa plagi ya betri.

Mota inatetemeka, haiondoki

Gari linatikisika mbele na nyuma, linalia kama linakwaruza, kisha linashika ghafla. Kwa mota isiyo na sensa hii ni tabia yake ikiwa na KV kubwa na gia nzito. Kidhibiti hakijui sumaku imeelekea wapi mpaka ianze kuzunguka, kwa hiyo kinabahatisha. Punguza pinioni, punguza nguvu ya kuondokea kwenye programu, na tatizo hupungua. Kwa mashindano yenye kona nyingi nunua yenye sensa, hapa sina shaka hata kidogo. Mwendo wa taratibu ndio unaoamua kona, na mota isiyo na sensa haina mwendo wa taratibu wa kuaminika.

Mota yenye sensa ikianza tabia hiyo, tazama ule waya mwembamba wa sensa. Una nyaya sita ndogo, na hukatika ndani ya ganda pale unapoingia kwenye soketi, kwa nje ukionekana mzima. Vidhibiti vingine vikikosa sensa hubadilika vyenyewe kuendesha bila sensa, gari linakwenda lakini linatetemeka likianza. Vingine hugoma na kuwasha taa. Kuwa na waya wa akiba, ni wa bei ndogo.

Ikitetemeka bila kuzunguka kabisa, umeme wa njia moja kati ya tatu haufiki. Kipimo cha hili hakihitaji chombo chochote. Chomoa waya tatu za mota, zishike zisigusane, zungusha shafti kwa vidole. Inatakiwa izunguke kwa mishtuko midogo midogo ya sumaku, inayolingana. Sasa gusanisha waya mbili, zungusha tena: inakuwa nzito, kama umeitia kwenye asali. Badilisha jozi, mara tatu zote. Uzito ulingane kwenye jozi zote tatu. Jozi ikiwa nyepesi, kuna waya uliokatika. Na mota ikiwa nzito hata waya zote zikiwa zimeachana, shaba ya ndani imeungua na kugusana. Usiifunge tena kwenye kidhibiti, itakiua nacho. Mita ya kawaida haitakusaidia hapa, ukinzani wa shaba hiyo ni miliomu chache tu, mita itasoma sifuri kwa mota nzima na kwa mota mbovu.

Betri imevimba, au nguvu inaisha mapema

Kikomo cha volti kikiwa kimewekwa cha NiMH hali wewe unatumia lipo, kidhibiti kitaikamua betri hadi chini ya volti 3.0 kwa seli, na lipo iliyoshuka huko huvimba na haiponi. Hili ni jambo la kwanza kulikagua kwenye gari lolote ulilonunua mkononi. Hatari nyingine iko kwenye 3S: vidhibiti vingi huhesabu seli vyenyewe kwa kusoma volti wakati wa kuwasha. Ukichomeka 3S iliyoisha, yenye volti 9 hivi, kinaweza kudhani ni 2S na kuweka kikomo kwenye 6.4. Hiyo ni volti 2.1 kwa kila seli. Usiwashe gari kwa betri isiyojaa.

Chaji kwa 1C, yaani ampea 5 kwa betri ya 5,000 mAh, ukiwa umechomeka na waya mweupe wa kusawazisha seli. Ukiwa hukimbii kwa siku kadhaa, iache kwenye volti 3.8 kwa seli. Betri iliyojaa, iliyosahauliwa kwenye buti la gari lililoegeshwa juani, huvimba bila kukimbizwa hata mara moja.

Iliyovimba usiitoboe, usiibane kwa mkanda ili irudi, usiichaji "mara moja ya mwisho". Itoe nje ya nyumba, iweke kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, ikamue taratibu kwa balbu ya indiketa ya gari hadi ifike sifuri, kisha ipeleke kwa wanaokusanya taka za umeme. Moto wa lipo hautoi nafasi ya kufikiri, na moshi wake ni sumu.

Kidhibiti kimetoa moshi siku ya kwanza

Soma kilichoandikwa ubavuni. Kilichoandikwa 2S hadi 3S hakivumilii 4S hata kwa sekunde moja ya kujaribu. Vingi pia vina masharti mawili kwa pamoja: mota ya KV fulani kwa 2S, na KV ndogo zaidi kwa 3S. Watu husoma la kwanza wakaishia hapo. Kama volti zilikuwa sahihi, basi nyekundu na nyeusi zilibadilishana wakati wa kulehemu plagi, na kwa kosa hilo hakuna cha kutengeneza.

Mota inalia, gari haliendi

Skrubu ndogo ya pinioni imelegea. Ikaze ikiwa imekaa kwenye upande bapa wa shafti, kwa gundi ya nyuzi. Kama imekaza, angalia kilachi na meno ya gia kubwa.

Ukilazimika kununua

Anza na kanuni za mbio unazokwenda, maana ndizo zinazokata mjadala. Mashindano ya 1/10 yanayofuata taratibu za mashirika ya mbio, ROAR ya Marekani au EFRA ya Ulaya, hutumia lipo ya 2S, na madaraja ya wanaoanza hupewa mota za mizunguko maalumu ya waya, kama 17.5 au 13.5. Mizunguko mingi maana yake KV ndogo, kwa hiyo 17.5 ni ya polepole kuliko 13.5. Kwa anayeanza, 17.5 ni mwalimu mzuri kuliko mota yoyote. Inakulazimisha ujifunze gia na mstari wa kona, kwa kuwa haina nguvu ya kuficha makosa. Magari ya 1/8 ya umeme hukimbia 4S. Ya 1/12 ya lami hukimbia kwa seli moja tu, volti 3.7, na bado yana kasi ya kutisha kwa sababu ya wepesi wake.

Kisha tazama ukubwa wa kasha, maana KV haikwambii nguvu. Mota mbili za 2,200 KV zinaweza kutofautiana mara tatu kwa uwezo. Kasha la 540 lina kipenyo cha milimita 36, linatosha gari la 1/10 la lami. Magari ya 1/8 huchukua kasha la milimita 42 kwa 68 au 74, na ndiyo maana huitwa 4268 na 4274. Mota ndogo kwenye gari zito itachemka hata KV iwe sahihi kiasi gani. Shafti nayo: za 540 ni milimita 3.17, za 1/8 ni 5, na pinioni haziingiliani.

Betri ukiagizia kwa ndugu anayetoka Dubai au Guangzhou, mwambie mapema kwamba lipo za akiba husafiri kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa: 2S ya 5,000 mAh ni 37, 4S ni 74, zote ziko chini ya 100 zinazoruhusiwa bila kuomba kibali. 6S ya ukubwa huohuo ni 111, na hiyo inahitaji ruhusa ya shirika. Plagi zifungwe utepe zisigusane.

Mota mpya ukiifunga ikazunguka kinyume, usibabaike. Isiyo na sensa, badilisha waya zozote mbili kati ya tatu. Yenye sensa usiguse waya kamwe: A iende A, B iende B, C iende C, na mwelekeo ubadilishwe kwenye programu ya kidhibiti. Ukizibadilisha waya hizo sensa itasema jambo moja na shaba itafanya jingine, na mota itachemka imesimama palepale.